Kabla Hujamsingizia Jini, Pima Sukari

Zamu yangu ya kwanza ya usiku nilipokewa na bibi mmoja, mhudumu wa wodi aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Hata kabla hajanionyesha shuka safi zinakaa wapi, alinipa masharti. Usipige mluzi koridoni. Usikalie kitanda ambacho godoro lake limekunjwa. Na ukisikia unaitwa jina lako usiku, usiitikie mpaka uitwe mara ya tatu, maana jini halifiki mara tatu.

Nikamuuliza, "Sasa bibi, mgonjwa akiniita je?"

Akafikiri kidogo. "Mgonjwa atakuita sista. Jina lako atalijulia wapi?"

Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi, mingi yake katika hospitali za wilaya huku mwambao, na kila nilikopangiwa nimekuta hadithi zimenitangulia. Kuna mwanamke wa baibui anayepita nje ya dirisha la wodi ya wazazi. Kuna machela inayosikika ikisukumwa, ukitoka huioni. Kuna bomba la maji linalojifungua. Husimuliwa kuanzia saa nane usiku, chai ya rangi ikiwa mezani, dawa za saa sita zimekwisha na za saa kumi na mbili bado. Sizibezi. Nimelelewa katika nyumba iliyofukizwa ubani kila Alhamisi jioni, na sitamwambia mtu kwamba majini hayapo ilhali Kurani yenyewe imeyataja. Lakini kazi imenizoesha kwamba mgonjwa akisema ameona mtu, siulizi kwanza ni mtu gani. Nauliza sukari yake ngapi.

Hilo nililipata enzi ambazo malaria kali tulikuwa tunaitibu kwa dripu ya kwinini. Aliletwa mama mwenye mimba ya miezi saba, homa juu, akaanzishiwa dripu jioni. Usiku wa manane mama mkwe wake akaja mbio mezani kwetu. "Sista, mwanangu kapandisha."

Nikamkuta ameketi kitandani, shuka imelowa chapachapa, anaongea kwa sauti nzito ambayo si yake, anamwamuru mtu aliyesimama mlangoni aondoke. Mlangoni hapakuwa na mtu. Mama mkwe alikwishamfunika kanga kichwani na anamuuliza jini linataka nini. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wameshahamia upande wa pili wa wodi, mmoja na chupa yake ya dripu mkononi. Mimi niliangalia lile jasho. Homa ya malaria ikishuka mtu hutoka jasho, kweli, lakini lile lilikuwa jasho la baridi, na vidole vilikuwa vinatetemeka. Nikamtoboa kidole. Mashine ikasoma 1.6, sukari imeshuka mno.

Kwinini huchochea kongosho kumwaga insulini, na wajawazito ndio huathirika zaidi; malaria nayo kwa upande wake inaila sukari. Ubongo uliokosa sukari hauzimiki kimya kimya. Hupayuka, huona watu, hupigana, ndipo unazima. Nikavuta dekstrozi, nikaipitisha polepole kwenye mshipa, na kabla bomba la sindano halijaisha yule mama aliangaza huku na huku akauliza, kwa sauti yake mwenyewe, watu wote hawa wamesimama kwa nini.

Mama mkwe akanishika mkono. "Dawa gani hiyo, mwanangu?"

"Sukari, mama."

Akaridhika kabisa. "Basi ndiyo. Majini hupenda vitamu. Hata mganga huwapa asali na halua."

Sikubishana naye. Kila mmoja wetu alirudi mahali pake ameshinda.

Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Waliotibiwa kwa sindano ya artesuneti walikufa asilimia 8.5, wa kwinini asilimia 10.9, na katika kundi la artesuneti kushuka kwa sukari na degedege baada ya tiba kuanza vilikuwa vichache zaidi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza artesuneti itumike kwa watoto pia, baada ya watu wazima. Wakubwa walisherehekea takwimu. Sisi wa zamu za usiku tuliona kitu kingine: waliokuwa wakipandisha wodini walipungua.

Wodi ya wanaume ina jini lake, ambalo wenyewe tulilipa jina la jini la siku ya tatu. Nitamtaja dereva mmoja wa bodaboda aliyevunjika paja, mguu umefungwa kamba na uzito unaning'inia miguuni pa kitanda. Siku mbili za mwanzo alikuwa mpole, anawatania wenzake. Usiku wa tatu akaanza kuokota vitu kwenye shuka, kimoja kimoja, kwa kidole gumba na cha shahada, anaviweka kwenye sahani yake ya chakula. Sahani ilikuwa tupu.

"Sista, nitolee hawa. Wanapanda."

"Kina nani?"

"Wadudu. Na yule mtoto anayewamwaga." Akaonyesha juu, kwenye kamba ya uzito.

Ndugu zake walikuwa tayari kwenye simu na mtu wa kijijini, wanaulizana kuhusu jirani fulani waliyegombana naye kiwanja. Daktari wa zamu alipofika alimwangalia mgonjwa kwa sekunde chache tu, kisha akamgeukia mke. "Mama, mzee anakunywa?" Mke akatazama sakafu, shemeji zake walikuwa hapohapo. Nilipomtoa nje ndipo aliposema: gongo, kila siku, tangu kabla hawajaoana.

Mnywaji wa kila siku akikatishwa pombe ghafla, kati ya siku ya pili na ya nne mwili unaweza kumgeuka. Anatetemeka, moyo unakwenda mbio, anaona wadudu na viumbe wadogo, na asipotibiwa anaweza kufa. Tiba ni diazepamu na vitamini B1, wala si mganga wa kijijini. Tangu hapo swali la pombe naliuliza siku mgonjwa anapopokelewa, nikiwa naye peke yake. Wala siulizi "unakunywa?", maana hapo kila mtu ni mcha Mungu. Nauliza, "Mara ya mwisho ulikunywa lini?"

Kitanda cha kona hakihitaji maneno mengi. Kila wodi ina kitanda ambacho "kila anayelala pale anakufa", na wagonjwa huona afadhali kulala mzungu wa nne kitanda kimoja kuliko kupelekwa pale. Ukiangalia, karibu kila mara ni kitanda kilicho jirani na meza ya wauguzi au karibu na mtungi wa oksijeni. Tunampeleka pale aliyezidiwa kuliko wote. Wodi moja nilishauri tuhamishe mtungi upande mwingine, na kabla mwaka haujaisha sifa mbaya ilikuwa imehama pamoja nao.

Chumba cha upasuaji nacho kina wasafiri wake. Hospitali zetu ndogo hutumia sana ketamini, dawa ya usingizi iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1970, inayomtenga mtu na mwili wake bila kumzima pumzi. Mama aliyefanyiwa upasuaji alinieleza jinsi alivyokaa darini akatuona tunamshona, na jinsi alivyotusikia tukilalamikia posho. Posho kweli tulilalamikia. Alikuwa na hakika kwamba amekufa na kurudishwa, akawa analia kwa hofu. Siku hizi namwambia mgonjwa kabla sindano haijaingia: utaota, huenda ukaelea, ukirudi nitakuwa nimekushika mkono huu wa kushoto. Wanaelea vilevile, lakini wengi huamka wakinisimulia badala ya kupiga kelele.

Halafu kuna kukabwa. Kwenye kliniki ya dawa za VVU nilihudumia watu waliokuwa wakiacha vidonge kwa sababu tangu waanze, usiku wanatembelewa. Mmoja alikuwa anaota ndoto nzito hata mchana anazikumbuka kuliko mambo yaliyotokea. Alikwishafanyiwa kisomo. Katika mchanganyiko wa vidonge vile mlikuwa na efavirenzi, ambayo kizunguzungu na ndoto kali ni madhara yake yanayojulikana. Ndiyo maana tulikuwa tunawaambia wainywe wakati wa kulala. Kuanzia mwaka 2019, dolutegravir iliposhika nafasi yake, malalamiko yale yalipungua kila kona ya wilaya kwa msimu mmoja. Sijapata kusikia majini yaliyohama kwa waraka wa wizara.

Jinamizi lakini silo la wagonjwa peke yao. Nani hulala vipande vipande, saa moja hapa, nusu saa pale, akiwa amechoka, mgongo chini kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo? Sisi. Katika usingizi wa ndoto ubongo hufunga misuli ili tusirukeruke, na mara nyingine mtu huamka akili kabla misuli haijafunguliwa. Unafumbua macho, unaona chumba kilekile, huwezi kuinua hata kidole, na kifuani kuna uzito wa mtu. Nimekabwa hivyo, na elimu yote ninayoandika hapa haikunisaidia hata chembe wakati ule. Nilisoma Ayatul Kursiyu moyoni mpaka kidole kikacheza. Mwaka 1995 watu wa Pemba na Unguja walilala nje kwa makundi wakimwogopa Popobawa, na wengi waliomsimulia walisimulia hilihili: kuamka, uzito, kushindwa kupiga kelele. Siwacheki. Ningelala nje na mimi.

Kuhusu maiti, kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo alikimbia na kuacha kiatu. Tulikuwa tunamtayarisha marehemu: macho tumeyafumba, kidevu tumekifunga bandeji, vidole gumba vya miguu tumevifunga pamoja na lebo. Tulipomgeuza ubavu ili tutandue shuka, aliguna. Mguno kamili, wa mtu aliyechoshwa. Ni hewa iliyobaki mapafuni, ukimgeuza inapita kwenye nyuzi za sauti. Nilikwenda kumchukua yule kijana kwenye mwembe wa nje, nikamrudisha, nikamfundisha na upande wa pili wa jambo lenyewe. Tangu mwaka 1982 imeandikwa katika majarida ya kitabibu juu ya watu ambao mapigo ya moyo yao yalirudi yenyewe dakika kadhaa baada ya jitihada za kuwafufua kusimamishwa. Kwa hiyo hatuharakishi. Tunakaa naye dakika kumi, tunasikiliza kifua tena, ndipo daktari anaandika saa. Mguno wa dakika ya pili si wa kukimbia, ni wa kuweka sikio.

Niongeze jambo ambalo wenzangu hawalipendi. Hadithi za zamani za kutisha kuhusu hospitali katika nchi zetu hazikuhusu roho za wafu. Zilituhusu sisi. Enzi za mkoloni, Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, watu walimwogopa mumiani, anayeteka watu na kunyonya damu yao itengenezwe dawa, na wazima moto na watu wa hospitali ndio walionyooshewa kidole. Bado namsikia mumiani huyo kila ninapowaomba ndugu wachangie damu. "Si mtaiuza?" Sihubiri. Namwambia mchangiaji atembee na chupa yake mpaka maabara, aone inavyoandikwa namba.

Wanaoondoka ni habari nyingine kabisa, na hapa kipimo cha sukari hakinisaidii. Nimekipima mara nyingi. Mtu ana sukari nzuri, oksijeni nzuri, hana homa, anajua yuko wapi na leo ni siku gani, na anazungumza na mama yake aliyefariki zamani. Hapayuki wala haogopi. Mzee mmoja aliniambia, "Mama kaja, kakaa hapo. Kanikasirikia sijavaa kofia." Nikatafuta kofia yake ya viua kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda, nikamvalisha. Akashukuru, sijui kama ni mimi au yeye. Nikawapigia wanawe, wakaja usiku uleule, mmoja akaketi upande wa kichwani akawa anamtamkisha shahada.

Katika nyumba moja ya kuwatunza wanaokaribia kufa huko Buffalo, Marekani, waliwahoji wagonjwa 59 siku baada ya siku, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: karibu tisa katika kila kumi waliona au kuota jambo la namna hii angalau mara moja, na kadiri kifo kilivyokaribia ndivyo waliokuja walivyozidi kuwa marehemu wao, na ndivyo walivyowafariji. Niliposoma hayo nilijisikia vizuri, kusema kweli. Nilikuwa nimeshaacha kuwaambia watu "hakuna mtu hapo, baba." Wala sisemi namwona. Nauliza, "Kaja peke yake?" Majibu hunieleza mengi kuhusu muda tuliobaki nao.

Vilevile kuna ile asubuhi njema. Bibi aliyekaa wiki nzima hatambui mtu alifumbua macho, akaomba chai na mkate wa kumimina, akawataja wajukuu wote kwa majina na kuuliza deni la nazi lililipwa. Ndugu wakaanza kufungasha vyombo, wanataka ruhusa. Nikamwita binti mkubwa pembeni nikamwambia, "Yule kaka yenu wa Muscat, mpigieni sasa hivi, aongee naye. Msingoje kesho." Walinuna. Waliongea nusu saa kwa simu ya picha, bibi anacheka. Alifariki alfajiri. Mwanabiolojia wa Kijerumani, Michael Nahm, aliipa hali hiyo jina la kitaalamu mwaka 2009, na hadi leo sayansi haijaieleza kwa nini hutokea. Mimi nishike nini? Nashika simu.

Na liko moja ambalo sijaliweka popote. Mama aliyekuwa afanyiwe upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi saa tatu asubuhi, tangu usiku hali wala hanywi. Alfajiri nilipopita kupima presha aliniambia nimfikishie shukrani yule sista mtu mzima, mwenye kofia nyeupe na mkanda kiunoni, aliyemwonea huruma akampa maji saa kumi usiku. Zamu tulikuwa wawili, wote vijana, na kofia zile wodini kwetu zilikwishaachwa zamani. Mhudumu wa usiku alikuwa mwanamume. Nikapima: sukari 5.2, oksijeni 98, joto la kawaida. Dawa yoyote ya kulevya hakuwa amepewa. Juu ya kabati lake palikuwa na kikombe, na ndani yake yamebaki maji kidogo.

Mwenzangu, ambaye dada yake ni muuguzi Uingereza, akanong'ona kwamba hospitali ya St Thomas' ya London ina hadithi ya siku nyingi ya muuguzi wa mavazi ya kijivu anayewanywesha wagonjwa maji, na husemwa aliyenyweshwa hafiki mbali. Akanisihi nisiandike kitu. Nitachekwa, au mgonjwa ataondolewa kwenye orodha.

Niliandika: "Mgonjwa anaeleza kupewa maji ya kunywa saa 10 usiku na muuguzi asiyetambulika." Mtaalamu wa usingizi aliposoma aliuliza kama yalikuwa maji matupu, bila maziwa wala sukari. Akahesabu saa, zilikuwa tano, na kwa maji matupu mbili zinatosha. Akasema twende. Upasuaji ulikwenda vizuri, na yule mama alirudi nyumbani kwa miguu yake.

Muuguzi mfawidhi alipitia daftari la ripoti saa sita mchana. Nilisimama mbele yake nikisubiri kuulizwa habari za kofia na mkanda. Akaweka kidole kwenye ule mstari.

"Umeandika maji, hujaandika kiasi. Chati ya maji ya mgonjwa nitaijazaje?"

Ikabidi nirudi kumuuliza mgonjwa. Kikombe kizima, akasema, na alikuwa na kiu. Nikaandika mililita 250.